Mizani ya angani nayo ipimwe

Ni Wakenya wachache wanaojua kwamba neno "uhuru" limo katika vitabu vya wataalamu wa falaki wa dunia nzima, na kwamba liliingia humo kupitia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, taifa likiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, roketi ya Kimarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa ambalo Waitalia walikuwa wamelisimamisha baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Bi Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa niaba ya shirika la NASA, akaipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyoipokea.

Jina hilo halikufutika. Hadi leo mtaalamu wa falaki akitaka kutaja baadhi ya nyota zitoazo eksirei huanza na alama "4U". Herufi U ni ya neno letu, na tarakimu 4 ni toleo la nne la orodha ya Uhuru, lililochapishwa mwaka 1978 likiwa na vyanzo 339 vya miale hiyo.

Basi jina tulilitoa, na bahari yetu tukaitoa. Kilichotupita ni elimu. Sisemi elimu ya kurusha roketi, ambayo ina moshi na kishindo na kila mtu huiona. Nasema elimu ya kimyakimya iliyofuata baada ya moshi kutoweka: elimu ya kuhakiki hesabu za chombo kilicho juu, kabla mtu hajathubutu kuzitangaza kuwa kweli. Hoja yangu leo ni kwamba elimu hiyo inahitajika Garissa, Wajir na Mandera kuliko inavyohitajika mahali pengi, kwa kuwa huko hesabu za setilaiti sasa zinachangia kuamua ni mfugaji gani atalipwa na nani hatalipwa ukame ukiingia.

Yafaa kwanza tuelewe darubini ya eksirei hufanya nini. Miale ya eksirei itokayo angani haifiki ardhini, maana hewa huimeza yote. Ndiyo sababu chombo hakina budi kupelekwa juu ya hewa. Uhuru haikupiga picha yoyote. Ilikuwa ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, ikiwa na vigunduzi viwili vilivyotazama pande mbili zinazopingana, na kila mwale ulioingia ulihesabiwa. Kilichoshuka ardhini kilikuwa msururu mrefu wa tarakimu. Ilikuwa kazi ya programu ya tarakilishi kuzigeuza tarakimu hizo ziwe maarifa. Wakati fulani chombo kilikuwa kimeelekea wapi? Katika miale iliyohesabiwa, ni ipi ya nyota na ni ipi ya mionzi mingine inayozagaa angani na kugonga chombo ovyo? Mwangaza ukipanda na kushuka, je, ni nyota inayobadilika, au ni chombo kinachoyumba?

Kwa maneno mengine, nyota ya eksirei haikuonwa kwa macho ya mtu yeyote. Ilikokotolewa. Na kitu kilichokokotolewa kina ukweli uleule ulionao ukokotoaji wenyewe. Programu ikikosea, haitoi moshi wala haipigi kelele. Hutoa jibu safi, lenye tarakimu baada ya nukta, linalofanana kabisa na jibu la kweli. Hapo ndipo penye hatari.

Wataalamu wa fani hii, kwa miaka zaidi ya 50, wamejijengea njia kadhaa za kujikinga na hatari hiyo. Nitazitaja tatu, kwa sababu hazihitaji shahada ili kueleweka.

Njia ya kwanza ni kupima kitu ambacho jibu lake linajulikana tayari. Profesa Riccardo Giacconi, aliyeongoza kundi la wanasayansi wa Uhuru na ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, alikuwa amekwisha kugundua chanzo cha Sco X-1 mwaka 1962 kwa kutumia roketi ndogo. Chanzo kingine kilichojulikana mapema ni Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054. Ndani ya mabaki hayo mna nyota ndogo inayozunguka takriban mara 30 kwa kila sekunde. Mapigo yake hupimwa pia kwa darubini za redio zilizo ardhini, mathalan kule Jodrell Bank nchini Uingereza, na matokeo yake hutangazwa kila mwezi. Hivyo mwenye darubini mpya ya eksirei anaweza kuielekeza huko na kuuliza: je, saa yangu na programu yangu zinatoa mapigo yaleyale ambayo watu wengine, kwa chombo kingine, wameyapata? Yasipolingana, anajua ana kazi ya kufanya.

Njia ya pili ni kuitega programu. Mtaalamu huunda nyota bandia ndani ya tarakilishi, akaipa mwangaza anaoujua yeye peke yake, akaichanganya na kelele zote za kawaida, kisha akaipitisha katika programu kana kwamba imetoka angani. Programu ikirudisha mwangaza uleule, imefaulu. Ikirudisha mwingine, imenaswa. Tena mtego ulio mgumu zaidi ni kuipa programu data isiyo na nyota hata moja, uone kama itajizuia kuiona nyota ambayo haipo.

Mtego huo wa mwisho si mzaha. Mwaka 1971, kutokana na data ya Uhuru, ilitangazwa kwamba chanzo cha Cygnus X-1 kina mapigo ya haraka yanayojirudia kwa utaratibu. Mwaka uliofuata mtaalamu aitwaye Terrell akaonyesha kwamba milipuko midogo ya nasibu, isiyo na utaratibu wowote, inaweza kutoa sura ileile ya mapigo mtu akiichanganua kwa njia ile. Chombo hakikuwa kibovu, wala data haikuwa chafu. Jicho la hesabu liliona mpangilio mahali palipokuwa na bahati nasibu. Cygnus X-1 kwa yakini ilikuwa ikibadilika haraka, na hatimaye ikakubalika kuwa ina shimo jeusi. Lakini saa iliyodhaniwa kuwamo haikuwamo.

Njia ya tatu, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuuachia mkono mwingine urudie kazi. Data za darubini za eksirei, baada ya muda maalumu, huwekwa hadharani pamoja na programu za kuzichanganua, na mtu yeyote duniani anaweza kuzichukua bila malipo. Wenye darubini za nchi mbalimbali hukutana kulinganisha vipimo vyao vya nyota zilezile, na hawaoni haya kukiri kwamba havikubaliani sawasawa. Darubini ya Chandra ya Marekani na ile ya XMM-Newton ya Ulaya, ambazo zote zilirushwa mwaka 1999, zimepishana katika kupima joto la makundi ya magalaksi, na tofauti hiyo imeandikwa wazi ili kila mtumiaji aijue.

Faida ya utaratibu huu ilionekana mwaka 2011. Kwa miongo kadhaa Nebula ya Kaa ilitumiwa kama jiwe la mizani, yaani kila chombo kilisawazishwa kwayo, kwa imani kwamba mwangaza wake haubadiliki. Mwaka huo wataalamu wakatangaza kwamba mwangaza wake ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 7 tangu mwaka 2008. Walijuaje kwamba si vyombo vyao vilivyochakaa? Walijua kwa sababu vyombo kadhaa, vya watengenezaji tofauti na vyenye programu tofauti, vilionyesha upungufu uleule. Laiti kingalikuwa chombo kimoja, pengine hadi leo wangaliendelea kukirekebisha chombo kizima kwa kukilinganisha na jiwe lililopungua.

Na hasara ya kuuruka utaratibu huu nayo ilionekana. Mwezi Februari 2016 Japani ilirusha darubini ya eksirei iliyoitwa Hitomi. Tarehe 26 Machi mwaka huohuo, kabla haijatimiza siku 40, chombo hicho kikavunjika angani. Kiliamini kwamba kinazunguka ilhali kimetulia, kikajaribu kuuzuia mzunguko usiokuwapo, na kwa kufanya hivyo kikajizungusha kwa kweli. Kilipowasha injini zake ndogo ili kujiokoa, tarakimu za kuziongoza, ambazo zilikuwa zimetumwa kutoka ardhini bila kuhakikiwa ipasavyo, zilikuwa na kosa, na mzunguko ukazidi. Shirika la anga la Japani halikuficha. Liliandika ripoti ya wazi, likataja udhaifu wake lenyewe, na mwaka 2023 likarusha darubini nyingine, XRISM, kuendeleza kazi ileile.

Kutokana na haya yote nachota maswali mawili, ambayo nayaona kuwa kiini cha elimu ninayoisifu. La kwanza: je, hesabu imefanywa sawasawa? La pili: je, hesabu hii ndiyo tuliyoihitaji? Mtu aweza kufaulu katika la kwanza akaanguka katika la pili. Aweza kupima kwa usahihi mkubwa kitu ambacho sicho.

Sasa twende Garissa.

Katika kaunti tatu zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mfugo ndio benki, ndio mahari, ndio karo ya shule. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Katika soko hilo hakuna mnunuzi anayeridhika na neno la muuzaji peke yake. Dalali husimama kati yao, na kazi yake si kukubalisha bei tu bali pia kumdhamini muuzaji kwamba mnyama si wa wizi. Yaani watu wa Garissa wanaujua umuhimu wa mtu wa tatu tangu zamani.

Tangu mwaka 2010 kumekuwa na aina mpya ya bima kaskazini mwa Kenya. Ilianzia Marsabit, ikiongozwa na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, wakiwemo Dkt. Andrew Mude, ambaye kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Ikafika Wajir mwaka 2013 kwa mfumo wa takaful unaozingatia sheria ya Kiislamu, na mwaka 2014 wafugaji wa huko wakalipwa. Mwaka 2015 Serikali ikaanzisha mpango wake wa bima ya mifugo, ikianza na Turkana na Wajir, na kuzilipia ada kaya zisizojiweza kwa idadi maalumu ya mifugo. Baadaye, tangu mwaka 2022, kukaja mradi wa DRIVE unaofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Uzuri wa bima hii ni kwamba hakuna afisa anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupita juu, hupima ukijani wa ardhi, na programu hulinganisha ukijani wa msimu huu na ule wa miaka iliyopita katika eneo hilo. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutolewa kwa wote waliokata bima katika eneo lile. Ni wazo zuri, nami silipingi hata kidogo. Kwa nchi isiyo na barabara za kutosha, yenye wafugaji wanaohamahama, hakuna njia nyingine rahisi ya kuwafikia.

Lakini hebu tuyaulize maswali yetu mawili.

Je, hesabu imefanywa sawasawa? Kipimo cha ukijani kimetegemea sana kifaa cha MODIS kilichomo katika setilaiti ya Terra, ambayo nayo ilirushwa mwaka 1999 kama ndugu zake Chandra na XMM-Newton. Terra ni mzee. Tangu mwaka 2020 haina mafuta ya kuirekebishia njia yake kama zamani, kwa hivyo saa yake ya kupita juu yetu imekuwa ikisogea. Jua likiwa mahali pengine, kivuli nacho huwa kingine, na ukijani unaopimwa waweza kubadilika hata kama jani ni lilelile. Setilaiti mpya zinachukua nafasi yake, nazo zina macho tofauti. Anayelinganisha msimu huu na misimu ya miaka 20 iliyopita hana budi kuthibitisha kwamba analinganisha malisho na malisho, wala si chombo na chombo. Hili ndilo fumbo la Nebula ya Kaa, ila mara hii limewekwa juu ya mgongo wa ngamia.

Na je, hesabu hii ndiyo tuliyoihitaji? Hapa mfugaji wa Garissa ana ushahidi mbele ya macho yake, nao ni mathenge. Mti huu uliletwa Kenya ili kuzuia jangwa, ukapandwa sehemu kadhaa zikiwemo Bura na Hola kandokando ya Mto Tana, na sasa umetapakaa sehemu kubwa za Garissa hadi jirani na kambi za wakimbizi za Dadaab. Mizizi yake huzama chini sana, kwa hivyo hubaki kijani wakati nyasi zote zimekauka. Mbuzi hula maganda yake, ni kweli, lakini vichaka vyake husonga nyasi na kufunga njia za maji, na wafugaji wa Baringo waliwahi kwenda mahakamani wakilalamika kwamba unawang'oa mbuzi wao meno. Setilaiti haijui haya. Setilaiti huona kijani. Programu isiyofunzwa kutenganisha mathenge na malisho yaweza kusema kwamba nchi ina neema ilhali ng'ombe wanaanguka.

Aidha, eneo la bima ni kubwa. Mvua ikinyesha upande mmoja na kuunyima mwingine, wastani wa eneo zima hauwezi kumsema kila mfugaji. Tena kuna hasara ambazo kipimo hiki hakikuundwa kuzipima kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, mafuriko yaliikumba Garissa na mifugo ikasombwa na maji. Setilaiti inapoangalia nchi baada ya mafuriko huona ukijani mwingi. Hapo programu haijakosea. Haikuulizwa swali hilo. Lakini nani amemweleza mfugaji tofauti hiyo?

Watafiti wa ILRI, kwa haki yao, hawakulala. Walizifuata kaya za Marsabit kwa miaka kadhaa, wakalinganisha hasara zilizotokea na kile setilaiti ilichosema, wakachapisha waziwazi kwamba sehemu kubwa ya hatari ilibaki mabegani mwa mfugaji hata baada ya kukata bima. Hiyo ni sayansi ya kweli. Lakini Marsabit si Garissa. Kipimo kilichojaribiwa katika nyanda za Marsabit kinastahili kujaribiwa upya penye Mto Tana, penye mathenge na penye udongo mwingine.

Wala Garissa si mgeni wa majaribio ya namna hii. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 homa ya Bonde la Ufa iliivamia wilaya hiyo, na watafiti wakakadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa huko. Mwaka 2006 Dkt. Assaf Anyamba na wenzake wa NASA, kwa kutumia data za setilaiti kuhusu joto la bahari, mvua na ukijani, walitoa onyo kati ya Septemba na Novemba kwamba homa hiyo ingeweza kuzuka. Mwezi Desemba ikathibitishwa Garissa. Baadaye wakarudi kulinganisha ramani yao na mahali wagonjwa walipopatikana, wakaandika palipolingana na pasipolingana. Damu iliyopimwa Garissa ndiyo iliyohakiki hesabu zilizofanywa Marekani. Kwa nini basi hesabu za malisho zisihakikiwe kwa nyasi za Garissa, tena na watu wa Garissa wenyewe?

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: mtoto wa Balambala anatafuta maji, nawe watuletea habari za nyota na eksirei? Jibu langu ni kwamba sikuleta nyota ili zimnyweshe mtu. Nimeleta mazoea ya watu waliojifunza, kwa gharama kubwa, kutokiamini chombo chao wenyewe mpaka kithibitike. Mazoea hayo hayana bei, na yanamfaa mwenye kiu kuliko mwenye shibe, kwa kuwa mwenye shibe hesabu ikimkosea ana akiba ya kumpitisha msimu.

Wa pili, naye ana hoja nzito zaidi, atasema kwamba bima hii ilibuniwa ili kuepuka ukaguzi wa ardhini, ulio ghali na wenye mianya ya udanganyifu. Ukiurudisha, umeiua bima. Naikubali nusu ya hoja yake. Sidai kila dai likaguliwe. Mwenye darubini hahakiki kila mwale wa nyota. Huhakiki chombo na programu, mara kwa mara, kwa sampuli chache zilizochaguliwa vyema. Hivyo ndivyo nidaivyo. Malipo na yafuate setilaiti kama yalivyo, lakini setilaiti yenyewe ipimwe kila msimu.

Tena nyenzo nyingi ziko tayari. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi za kaunti kame, zikichanganya vipimo vya setilaiti na habari zinazokusanywa kutoka kwa kaya kuhusu malisho, umbali wa maji na bei za mifugo. Kinachohitajika ni kuzilaza taarifa hizo kando ya hesabu za bima, eneo kwa eneo, na kutangaza mwishoni mwa kila msimu palipopatana na palipotofautiana. Tangazo lenyewe lisiishie katika ripoti za Nairobi. Lisomwe redioni kwa Kisomali na kwa Kiswahili, likieleza kwa lugha nyepesi kwa nini Fafi imelipwa na Ijara haikulipwa, au kinyume chake.

La pili, kanuni ya hesabu, data zake na programu yake ziwekwe hadharani kwa namna ambayo mtu wa nje anaweza kuirudia kazi nzima na kupata jibu lilelile. Darubini zenye thamani ya mabilioni ya dola zinafanya hivyo. Sioni kwa nini bima ya mbuzi ishindwe. Kampuni ya bima ina maslahi, Serikali ina maslahi, na mfugaji naye ana maslahi. Ndiyo maana anahitajika dalali kati yao.

La tatu, dalali huyo asitafutwe mbali. Tunacho Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, miaka miwili tu baada ya msiba wa tarehe 2 Aprili 2015 ambao taifa halitausahau. Wanafunzi wake wanaijua nchi ile kwa miguu. Wafundishwe uchanganuzi wa data za setilaiti, na mafunzo hayo, kwa maoni yangu, yaanze na eksirei za nyota. Mtanishangaa, lakini sababu ni ya kiualimu. Mwanafunzi akichukua data ya wazi ya nyota ya Centaurus X-3, ambayo Uhuru iligundua kwamba inapiga pigo moja kwa takriban kila sekunde 4.8, atajua papo hapo kama programu yake ni nzima, kwa kuwa jibu linajulikana na halina siasa. Hakuna kampuni itakayokasirika, wala hakuna eneo litakalodai limeonewa. Akishazoea kuikamata programu yake ikikosea katika jambo lenye jibu moja, ndipo apelekwe kwenye malisho, ambako jibu lina ubishi na tarakimu zina njaa ndani yake.

Shirika la Anga la Kenya, ambalo mwaka 2023 lilisimamia kurushwa kwa setilaiti yetu ya Taifa-1, lingefanya vyema kuichukua kazi hii kama yake. Kuwa na setilaiti ni jambo la fahari, nami nilifurahi kama Mkenya yeyote. Lakini tuliwahi kuwa na fahari ya namna hiyo mwaka 1970, na ikapita juu ya vichwa vyetu ikaenda zake. Nchi haimiliki anga kwa kurusha vyombo tu. Humiliki pale watu wake wanapoweza kuitazama tarakimu iliyoshuka kutoka juu na kusema, kwa ushahidi, kwamba hii ni sahihi na ile si sahihi.

Sheria za Kenya haziruhusu muuza nyama wa mjini Garissa kutumia mizani ambayo haijakaguliwa na kupigwa muhuri. Afisa wa vipimo huja na mawe yake, akapima, na mizani ikiwa na hitilafu huondolewa hata kama mwenyewe ni mcha Mungu asiyekusudia kumpunja mtu. Hatumdhanii mwenye duka ubaya, tunamlinda mnunuzi. Mizani inayoning'inia angani na kupima ukame wa kaunti nzima inabeba mali kubwa kuliko kilo moja ya nyama ya ngamia. Naomba wahusika, kuanzia Wizara hadi kampuni za bima, waipelekee mawe yake kabla ya ukame mwingine haujafika.